Kaka alimwaga vidonge vya kuacha sigara chooni. Nimefuatilia dawa hiyo ilivyopimwa, tangu yai la chura hadi watu 8,144 (UZI)

#1 Mleta uzi

Wakuu, salamu.

Kaka yangu mkubwa anavuta sigara tangu yuko kidato cha pili. Mwaka jana daktari alimwandikia vareniklini, dawa ya kuacha sigara ambayo wengi wanaijua kwa jina la Champix, na Marekani iliuzwa kwa jina la Chantix. Vidonge tulivipata kupitia ndugu yetu anayeishi nje. Siku ya nane akaacha, kama alivyopangiwa. Zikapita siku 12 hajagusa fegi hata moja, shemeji yangu akawa anasema hata mapazia yamebadilika harufu. Ndipo akatumiwa ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp: hiyo dawa inawatia watu wazimu, wanajiua, Wamarekani wenyewe wameibandika onyo. Usiku uleule akavimwaga vyote chooni. Kesho yake nilimkuta barazani na sigara mkononi, hataki hata kuniangalia.

Iliniuma sana. Mimi ni mteknolojia wa maabara, nashinda na damu na mikojo ya watu, lakini siku ile sikuwa na la kumjibu. Nikaanza kutafuta: hii dawa nani aliipima, aliipima kwa nani, na lile onyo lilitoka wapi. Ni kirefu, nitakileta kwa vipande.

Mwanzo ni mti. Ulaya kuna mti wa maua ya njano unaoitwa labanamu, mbegu zake ni sumu. Ndani yake mna kemikali iitwayo sitisini, inayofanana na nikotini kiasi kwamba ubongo unaipokea kama ndugu yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wanajeshi waliokosa tumbaku walivuta majani ya mti huo. Wabulgaria wakatengeneza kidonge cha sitisini, Tabex, kikaingia sokoni mwaka 1964, na kwa miongo kadhaa kikawa dawa ya Ulaya Mashariki tu. Miaka ya 1990 wakemia wa Pfizer pale Groton, Connecticut, wakiongozwa na Jotham Coe, walilichukua umbo la sitisini wakaanza kulifanyia marekebisho kipande kwa kipande, hadi wakapata vareniklini. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliipitisha Mei 2006.

Kilichofanyika katikati ndicho kilichonikesha.

#2 Mleta uzi (naendelea)

Ukivuta sigara, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache na kukaa kwenye vipokezi, yaani protini zilizopandwa juu ya seli za neva. Vipo vya aina nyingi. Kinachobeba mzigo mkubwa wa uraibu wataalamu wanakiita alfa-4 beta-2. Walijuaje? Mwaka 1998 jarida la Nature lilichapisha habari za panya waliozaliwa bila ile sehemu ya beta-2. Panya wa kawaida akipewa njia ya kujipatia nikotini mwenyewe, anaizoea na kuirudia. Hawa wengine haikuwashika. Nikotini ilikuwepo, panya alikuwepo, kiti cha kukalia hakikuwepo.

Sasa dawa mpya unaipimaje kwenye kiti kimoja hicho, bila kelele za ubongo mzima? Hapa anaingia chura. Kusini mwa Afrika kuna chura wa majini mwenye kucha kwenye miguu ya nyuma, Xenopus laevis. Yai lake lina upana wa kama milimita moja, unaliona kwa macho matupu. Watafiti wanalidunga maelekezo ya kijenetiki ya kutengeneza kipokezi wanachokitaka, na baada ya siku chache yai limekiotesha kwenye utando wake wa nje. Wanalichoma sindano mbili nyembamba za kioo zilizounganishwa na waya, wanalimwagia nikotini, wanasoma umeme unaopita. Wanalisuuza, wanalimwagia dawa mpya, wanasoma tena. (Chura huyuhuyu ndiye aliyetumika kupimia mimba kuanzia miaka ya 1930: anadungwa mkojo wa mwanamke, akitaga mayai jibu ni ndiyo. Sisi watu wa maabara tuna deni kwake.)

Jibu lililotoka kwenye vipimo vya namna hii ndilo siri ya dawa yenyewe. Vareniklini inakishika kipokezi kwa nguvu kuliko nikotini, lakini inakiamsha kwa sehemu tu. Mimi naielewa kwa daladala. Nikotini ni abiria wa nauli kamili, akipanda konda anafurahi. Vareniklini ni mwanafunzi: amewahi kiti, analipa nauli pungufu, na hashuki haraka. Konda hakosi kitu kabisa, kwa hiyo gari linatembea, na ndiyo maana hamu ya sigara inapungua. Yule wa nauli kamili akija kupanda, viti vimejaa. Ndiyo maana mtu akiteleza akavuta, sigara haimpi ile raha aliyoizoea.

Hiyo ni kwenye yai. Wakahamia kwa panya: mrija mwembamba unaingizwa sehemu ya ubongo inayohusika na raha, wanachota majimaji kidogo kidogo na kupima dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha hiyo. Vareniklini peke yake iliipandisha dopamini kwa kiasi, chini ya nikotini. Ilipotangulia vareniklini kisha nikotini ikafuata, ule mruko wa nikotini ukazimwa. Na panya waliozoea kubonyeza kitufe ili wapate nikotini wakapunguza kubonyeza.

Halafu kuna picha za ubongo wa binadamu. Watafiti wa Los Angeles mwaka 2006 walionyesha kuwa pafu moja au mawili tu ya sigara yanakalia karibu nusu ya vipokezi hivyo, na sigara nzima zaidi ya asilimia 88. Niliposoma hapo niliwaza jinsi ninavyomwambia kaka kila siku, "Si uache tu?" Nimemwomba radhi kwa neno hilo.

#3 Mkulima wa Urambo

Mkuu, mimi nalima tumbaku, baba alilima, na sigara sivuti. Lakini wakati wa kuvuna, hasa asubuhi majani yakiwa na umande, vijana wangu wanapata kizunguzungu na kutapika. Wazee wanasema ni jua. Hiyo nikotini unayoisema inahusika?

#4 Mleta uzi

Ndugu yangu, inahusika moja kwa moja. Nikotini inayeyuka kwenye maji na inapita kwenye ngozi. Jani bichi lenye umande, au nguo iliyolowa, ni sawa na kumbandika kijana plasta ya nikotini isiyo na kipimo. Kitabibu ni ugonjwa unaojulikana wa wavunaji tumbaku. Wavae glavu na nguo za mikono mirefu, wabadilishe zikilowa, wasubiri umande ukauke inapowezekana, na wanawe kwa sabuni kabla ya kula. Watoto wasishike kabisa majani mabichi.

#5 Mleta uzi (upande wa kliniki)

Mbali na majaribio makubwa kuna kipimo kidogo ambacho sikukijua; kwa vareniklini kilifanyika dawa ikiwa tayari sokoni. Pale Yale watafiti walimweka mvutaji kwenye chumba baada ya kumnyima sigara tangu usiku. Mbele yake wanaweka sigara zile anazozipenda, kiberiti na kisahani cha majivu. Anaambiwa: vuta ukitaka, ila kwa kila dakika 5 utakazovumilia unapata hela kidogo, hadi dakika 50. Waliopewa vareniklini walivumilia kwa muda mrefu kuliko waliopewa kidonge kitupu, yaani kisicho na dawa ndani. Chumba kimoja na saa ya ukutani, na tayari unaona kama dawa inastahili kupelekwa mbele.

Majaribio mawili makubwa yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la JAMA, moja la watu 1,025 na jingine la 1,027. Nitakaa na la kwanza. Watu waligawanywa kwa bahati nasibu makundi matatu: vareniklini, bupropioni (dawa ya sonona ambayo pia huachisha sigara), na kidonge kitupu. Mgonjwa hajui anameza nini, anayemhudumia naye hajui. Wanameza kwa wiki 12, kisha wanafuatiliwa wiki 40 bila dawa. Kila ziara wanapata ushauri usiozidi dakika 10.

Na wanapuliza kipimo. Moshi wa sigara una kaboni monoksaidi, na pumzi haifichi. Ikizidi sehemu 10 kwa milioni unahesabiwa umevuta, hata uape kwa jina la mama yako. Asiyerudi kliniki naye anahesabiwa amevuta. Sheria hii ya mwisho niliipenda, maana dawa haipewi sifa kwa watu waliotoroka.

Wiki ya 9 hadi ya 12, ambao hawakuvuta hata mara moja: vareniklini asilimia 44, bupropioni 29.5, kidonge kitupu 17.7. Sasa twendeni mpaka mwisho wa mwaka: 21.9, 16.1 na 8.4.

Zitazameni namba hizi taratibu. Anayeuza dawa atakutajia 44. Anayeiponda atakuambia watu karibu wanne kati ya watano hawakufika mwisho wa mwaka bila kuvuta. Wote wawili wanasema kweli. Mimi naangalia 21.9 ikiwa kando ya 8.4, kwa sababu wale wa kidonge kitupu walikuwa na nia ileile, kliniki ileile, ushauri uleule. Tofauti iliyobaki kati yao ndiyo kazi ya dawa.

Lakini kuna watu hawakuruhusiwa kuingia kwenye majaribio haya: waliougua sonona kali karibuni, na wenye historia ya magonjwa makubwa ya akili. Ni kawaida kuwaondoa watu ambao hali yao inaweza kuvuruga matokeo. Shida ni kwamba wenye magonjwa ya akili wanavuta sana kuliko watu wengine. Dawa ilipotoka kliniki ikaingia mtaani, nao wakaimeza.

#6 Nesi wa zamu

Asante kwa uzi, kaka. Nipo wodi ya afya ya akili, jambo hili nalijua kwa karibu. Ripoti za watu kubadilika tabia, hasira, mawazo ya kujiua, zilikuwa nyingi sana. FDA haikuweka onyo kwa kubahatisha. Usiwaambie watu kwamba ulikuwa uzushi wa WhatsApp.

#7 Mleta uzi

Dada, umesema kweli na nilikuwa naelekea huko. Onyo lilikuwepo: Julai 2009 FDA iliagiza liwekwe ndani ya kisanduku cheusi, lile zito kabisa, kwa vareniklini na bupropioni. Ripoti zilikuwa za kweli, za watu wa kweli. Ugumu ulikuwa huu: anayeacha sigara hata bila dawa yoyote anapata hasira, huzuni, anakosa usingizi. Ripoti moja inakuambia mtu alimeza dawa kisha akavurugika. Haiwezi kukuambia kama angevurugika hata asingemeza.

Kwa hiyo FDA ikazitaka kampuni zifanye jaribio la kujibu swali hilo tu. Likaitwa EAGLES, likachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2016. Watu 8,144, nchi 16, Afrika Kusini ikiwemo. Safari hii waliingizwa kwa makusudi wenye magonjwa ya akili ambao hali yao imetulia: 4,116, zaidi kidogo ya nusu ya wote. Makundi yalikuwa manne: vareniklini, bupropioni, plasta ya nikotini, na wasio na dawa yoyote. Ili asijue mtu, kila mshiriki alimeza vidonge vya aina zote mbili na kubandika plasta, ambapo kimoja tu kati ya hivyo ndicho chenye dawa, au vyote vitatu vitupu.

Madhara ya akili waliyoyahesabu, kwa wasio na historia ya ugonjwa: vareniklini asilimia 1.3, bupropioni 2.2, plasta 2.5, kitupu 2.4. Kwa wenye historia: 6.5, 6.7, 5.2 na 4.9. Katika jaribio lote mtu mmoja alijiua. Alikuwa kwenye kundi lisilo na dawa.

Nilisoma sentensi hiyo nikafunga kompyuta, nikatoka nje. Mtu huyo alikuwa na familia. Angekuwa ametupwa na bahati nasibu kwenye kundi la vareniklini, leo jina la dawa lingebeba kifo chake.

Desemba 2016 FDA ililiondoa lile onyo la kisanduku. Ujumbe wa sauti aliotumiwa kaka ulikuwa unasambaza habari ya 2009 kana kwamba imetoka jana.

#8 Nesi wa zamu

Sawa, nimekuelewa. Lakini 6.5 si 4.9. Na waliolipia ni kampuni zenyewe.

#9 Mleta uzi

Kweli, Pfizer na GlaxoSmithKline ndizo zilizolipia. Na tofauti ya 6.5 na 4.9 kitakwimu ni ndogo kiasi kwamba bahati peke yake ingeweza kuileta, ila sitamwambia mtu ni sifuri. Mgonjwa wako wa wodini akitaka kuacha, nadhani wewe ungetaka umwone mara kwa mara wiki za mwanzo, awe na dawa au asiwe nayo. Namba za makundi yote manne zinanifundisha hivyo: wenye historia ya ugonjwa wako juu kila mahali, hata kwenye kidonge kitupu.

#10 Mtu wa Likoni

Ahsante sana ndugu yangu, nimesoma mpaka macho yauma. Huku kwetu pwani wazee wengi hawavuti, wao ni tambuu na tumbaku ya kutafuna, na wengine ugoro. Hicho kipimo cha kupuliza si kitawapa safi?

#11 Mleta uzi

Kitawapa safi kabisa, maana hawachomi kitu na moshi haupo. Kwao unapima kotinini, mabaki ya nikotini baada ya ini kuivunja. Inapatikana kwenye mate, mkojo na damu, na inadumu siku kadhaa ilhali kaboni monoksaidi inapungua nusu kila baada ya saa chache. Ila kotinini nayo ina mtego: mtu aliyebandikwa plasta anayo hata kama hajagusa tumbaku. Kwa huyo wanatafuta anabasini, kemikali iliyomo kwenye tumbaku lakini haimo kwenye plasta. Kama mtu wa mikojo, hapo nilifurahi sana.

Na jaribio la tumbaku isiyo ya moshi lilifanyika, Sweden na Norway, kwa watumiaji wa snus, ugoro wa kubana chini ya mdomo. Watu 431, likachapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2010. Wiki ya 9 hadi 12: asilimia 59 kwa vareniklini, 39 kwa kidonge kitupu. Kitupu 39, ni kikubwa mno ukilinganisha na cha sigara. Tambuu ya Mombasa ni kitu kingine tena, ina popoo na chokaa, kwa hiyo nisingebeba namba za Sweden nikazishusha Likoni.

#12 Mgeni jukwaani

Mimi plasta tu ilinitosha, mwaka wa tatu huu sijavuta. Rafiki yangu plasta hizohizo zilimshinda. Ni nia au?

#13 Mleta uzi

Hongera sana, mkuu. Sehemu moja ya jibu inaweza kuwa kwenye ini. Kuna kimeng'enya, CYP2A6, kinachovunja nikotini, na watu tumezaliwa nacho kwa kasi tofauti. Mwaka 2015 jarida la Lancet Respiratory Medicine lilitoa jaribio la watu 1,246 waliopimwa kasi hiyo kwanza. Wanaovunja nikotini kwa kasi ya kawaida walifaulu zaidi kwa vareniklini kuliko kwa plasta. Wanaovunja polepole, dawa hiyo haikuwazidi wale wa plasta, na madhara yakawasumbua zaidi. Basi rafiki yako asilaumiwe kwa nia.

#14 Nesi wa zamu

Na bei? Wagonjwa wangu hawawezi kuagiza nje.

#15 Mleta uzi

Hapo ndipo narudi kwenye ule mti. Sitisini ni ya bei ya chini, na mwaka 2011 hatimaye ilipimwa sawasawa huko Warsaw: watu 740, siku 25 za dawa, na baada ya mwaka asilimia 8.4 walikuwa hawajavuta, dhidi ya 2.4 ya kidonge kitupu. Ni ndogo kwa macho, lakini ni mara tatu na zaidi. Miaka 47 tangu Tabex iingie sokoni! Nikifikiria waliokufa katikati kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuifanyia jaribio kubwa, nasikia uchungu.

WHO iliiweka vareniklini kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, pamoja na bupropioni. Bidhaa za nikotini zilikuwemo tangu 2009. Mwongozo wake wa Julai 2024 unaipendekeza sitisini pia. Mimi naona haya ndiyo ya kuyapeleka kwa wanaopanga manunuzi ya dawa za serikali.

#16 Mkulima wa Urambo

Nimenunua glavu leo, mkuu. Na kaka yako anaendeleaje?

#17 Mleta uzi

Nilimkalisha nikamsomea posti namba 5 na 7, taratibu, na ile ya mtu aliyejiua sikuiruka. Akaniuliza swali moja tu: "Hao 21 waliofika mwaka mzima, wapo waliorudia mara ya pili kama mimi?" Nikamwambia wengi walioingia kwenye majaribio walishajaribu kuacha huko nyuma na ikawashinda.

Amerudi kwa daktari, amepimwa figo kwanza, maana dawa hii karibu yote hutoka kwa mkojo ikiwa haijavunjwa, na figo mbovu zinabadilisha dozi. Safari hii ameelezwa mapema mambo ambayo mara ya kwanza hakuna aliyemwambia: kichefuchefu ni cha kawaida, ameze baada ya kula na maji ya kutosha, na ndoto zitakuwa kali na za ajabu. Mara ya kwanza zile ndoto ndizo zilizomfanya auamini ule ujumbe wa sauti.

Ameanza Jumapili, nusu miligramu mara moja kwa siku. Ameniomba nimnunulie daftari la kuandikia ndoto, na shemeji amehamia nalo upande wake wa kitanda ili amsomee asubuhi.